Umeme ukikatika ndipo laptopu yangu inapata kasi. Nimerogwa?

Kaka wa safu ya kompyuta,

Shikamoo kama umenizidi. Kama hujanizidi, basi habari za kazi. Nina stesheneri ndogo hapa Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro. Natoa kopi, naprinti, natia vyeti lamineshi, na zaidi ya yote najazia watu fomu mtandaoni: ajira, mikopo ya wanafunzi, namba ya mlipakodi, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa. Yote hayo nayafanyia kwenye laptopu moja niliyonunua Kariakoo ikiwa imeshatumika nje. Ni Core i3 ya kitambo, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Mwanzoni haikunipa shida. Siku hizi natamani kuitupa mtaroni.

Tatizo ni kivinjari. Word inajikongoja lakini inafunguka. Nikigusa kivinjari tu, mateso yanaanza. Nafungua ukurasa, namhudumia mteja wa kopi, nampa chenji, narudi, ukurasa bado mweupe. Naandika jina la mtu, nimeshafika kwenye jina la babu ndiyo kwanza herufi za jina lake mwenyewe zinatokea kwenye kioo. Juzi ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi fulani, vijana wamejaa kwenye benchi, mimi nahangaika. Mmoja akasema, "Mama, samahani, ngoja nijaribu kwa simu." Akaunga kwenye hotspoti yangu mwenyewe, ile ile inayolisha laptopu, akajaza, akatuma, akanishukuru akaondoka. Hela sikupata na aibu nikabaki nayo.

Nimepeleka kwa fundi, akapiga Windows upya kwa 25,000. Ikatulia kama wiki mbili, ikarudi palepale. Fundi mwingine akasema kivinjari kimejaa, nifute historia kila jioni kabla sijafunga duka. Nafuta kila siku, nafuta kila kitu, naweka tiki kwenye visanduku vyote. Kasi haijaongezeka na bando naona linaisha mapema kuliko zamani. Mdogo wangu anayenisaidia dukani naye akaingiza programu mbili za kuongeza kasi, na antivirus juu ya ile iliyokuwepo. Sasa kwenye kona ya chini kulia yanatokea matangazo kwamba kompyuta yangu ina virusi. Nikifunga moja linakuja jingine.

Jambo la mwisho sikutaka kuliandika, maana najua utanicheka. Umeme ukikatika, laptopu inapata nafuu. Naapa. Mtaa mzima giza, mimi na betri yangu najaza fomu vizuri tu. Umeme ukirudi nachomeka chaja, nayo inarudia uzito wake. Jirani yangu anayeuza maandazi amesema kuna mtu amelitia duka jicho. Chaja yenyewe ni mpya. Ya zamani ilikatika waya nikachukua nyingine kwa machinga, bei poa. Siku hizi betri haijai mpaka niizime laptopu usiku. Tena nikiiwasha inaleta kwanza maandishi ya Kiingereza, mdogo wangu anabonyeza kitufe yanapita.

Vichupo nafungua vingi, sitakudanganya: WhatsApp, barua pepe, tovuti za fomu, ile ya kugeuza PDF kuwa Word, na YouTube ya kaswida kwa sauti ya chini.

Ninunue nyingine? Nimeonyeshwa za laki sita. Nibadilishe kivinjari? Au nimfuate huyu wa maandazi kwa mtaalamu wake?

Mwenye stesheneri, Kimara

JIBU

Marahaba, dada. Nimekuzidi bila shaka; mimi ni wa enzi za disketi.

Jirani yako mshukuru kwa kukujali, ila nauli ya kwenda kwa huyo mtaalamu usiitoe. Lile jambo uliloona aibu kuliandika ndilo lililonieleza mengi kuliko barua nzima. Kompyuta inayokwenda vizuri kwa betri na kulemaa ikiwa kwenye umeme, iliyobadilishiwa chaja karibuni, inayotoa onyo wakati wa kuwaka, na isiyochaji mpaka izimwe: hayo ni mambo manne na yote yanaelekeza kwenye chaja.

Laptopu nyingi za ofisini, hizi zinazofika Kariakoo baada ya kampuni za nje kuzistaafisha, hazipokei umeme kimyakimya. Zinaiuliza chaja ina wati ngapi. Chaja halali inajibu: 65, au 90. Ikikosekana sauti ya kujibu, au jibu likiwa dogo kuliko inavyohitajika, laptopu inajihami. Inaogopa kuvuta umeme mwingi kwenye chaja dhaifu, kwa hiyo inapunguza mwendo wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kugoma kuchaji wakati inafanya kazi. Ukichomoa, inabaki na betri ambayo inaifahamu, basi inarudi kwenye mwendo wake. Si laptopu zote zina tabia hii, lakini ya kwako kwa maelezo yako inayo.

Hakikisha mwenyewe kabla hujatoa hata senti. Kesho asubuhi mdogo wako asibonyeze kitu. Piga picha ya yale maandishi kwa simu uyasome taratibu; ukiona yanazungumzia "adapter" na "wattage", ni hayo hayo ninayokueleza. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, chagua CPU, tafuta palipoandikwa Speed. Fungua kurasa mbili tatu nzito ili prosesa iwe na kazi, kwa sababu ikiwa imekaa bure hupunguza mwendo kwa hiari yake na namba itakudanganya. Angalia ukiwa na chaja, kisha chomoa uangalie tena. Core i3 ya zama hizo ikiwa kazini inatakiwa kuzidi GHz 1.5. Ukikuta imenata chini ya GHz 1 huku asilimia ya matumizi iko juu, halafu ukichomoa inaruka, umeshampata mchawi.

Dawa ni chaja yenye wati sahihi. Geuza laptopu, soma lebo ya chini. Kuna volti na ampea. Zizidishe upate wati. Volti 19.5 kwa ampea 3.34, kwa mfano, ni wati 65. Nenda na laptopu yenyewe dukani, siyo na picha ya plagi, maana plagi kuingia si ushahidi wa lolote. Iwashe hapo hapo kaunta. Onyo likitokea, hiyo chaja irudishe kwenye boksi lake. Mimi ningenunua chaja halisi iliyotumika kuliko mpya ya kuigiza.

Sasa utauliza: mbona Word haikulia sana, kikalia kivinjari? Kwa sababu ukurasa wa tovuti wa siku hizi si karatasi yenye maandishi na picha. Ni programu kamili inayoletwa kwa mtandao, inasomwa, inatafsiriwa na kuendeshwa papo hapo na prosesa yako, na kila ukurasa unakuja na ya kwake. Barua ya Word yenye kurasa mbili ni kazi ndogo mno ukilinganisha na hiyo. Ndiyo maana kompyuta ikiugua chochote, iwe prosesa, RAM au diski, wa kwanza kulalamika ni kivinjari, na mafundi wanamtibu yeye.

Mtandao nao uuache kwa leo. Yule kijana aliyekutoroka na simu yake alikufanyia kipimo cha bure: hotspoti ile ile, tovuti ile ile, dakika ile ile, na akamaliza. Ingekuwa bando au tovuti imezidiwa, naye angekwama. Kipimo cha pili umekiandika mwenyewe bila kujua: herufi zinachelewa kutokea. Herufi unayoandika kwenye kisanduku haisubiri mtandao ndipo ionekane. Ikichelewa, tatizo liko mezani kwako. Ukurasa ukiwa mweupe huku kuandika, kushuka na kupanda kwenye vichupo vingine kuko sawa, hapo ndipo ugeukie mtandao. Zipo siku kosa ni la mtandao kweli. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania na majirani zetu tukabaki na intaneti ya kubabaisha. Siku ya namna hiyo hata simu ya kijana yule isingefua dafu.

Hili la kufuta historia kila jioni naomba liishe leo. Ndiyo ushauri unaotolewa sana mjini na kwa mtu wa bando ni hasara tupu. Kwenye dirisha lile la kufuta kuna vitu vitatu tofauti ambavyo watu wanavifuta kwa mkupuo. Historia ni orodha tu ya ulikopita. Haina uzito wa kukusumbua. Kuki ni vitambulisho vinavyofanya tovuti ikukumbuke. Kache ni picha, maandishi ya programu na vikorokoro vingine ambavyo kivinjari kimevihifadhi kwenye diski ili kesho kisivipakue tena. Unapofuta kache kila jioni, kila asubuhi unanunua upya kwa bando vitu ulivyokuwa navyo jana, na kurasa zinafunguka taratibu zaidi kwa sababu zinaanza moja. Bando lako halikuibwa na mtu. Kache ifute ukurasa ukionekana umevurugika au ukigoma kuonyesha mabadiliko, au diski ikikaribia kujaa. Vinginevyo iache ikufanyie kazi.

Ila najua kwa stesheneri kufuta kuna sababu nyingine nzito, siri ya mteja. Huwezi kumwacha mtu na barua pepe yake wazi kwenye kompyuta ya duka. Kwa hilo kuna njia bora. Chrome na Edge zina dirisha la mgeni. Bonyeza picha ya wasifu iliyo juu utaliona. Mteja akija, mfungulie hilo. Akimaliza, lifunge, na kuki na historia yake vinaondoka pamoja nalo. Kweli kurasa zake zitapakuliwa upya kila mara, lakini kwa fomu ya mtu yenye namba ya kitambulisho na cheti chake, hiyo ni bei ya haki.

Dirisha hilo la mgeni lina faida ya pili: linafunguka bila viendelezi vyovyote, yaani vile vijiprogramu vinavyobandikwa kwenye kivinjari. Jaribu kazi ile ile kwenye dirisha lako la kawaida, kisha kwenye la mgeni. La mgeni likiwa jepesi kwa mbali, kuna kiendelezi kinakunyonya. Andika chrome://extensions kwenye kisanduku cha anwani, au edge://extensions, uondoe kila usichokumbuka kukiweka. Usikizime tu, kiondoe. Pengine hapa ndipo yalipopotelea mafanikio ya Windows yako mpya. Fundi akipiga Windows, mashine inakuwa nyepesi kwa kuwa haina kitu. Kisha unaingia kwenye kivinjari kwa akaunti yako ya siku zote, nayo inavirudisha viendelezi vyote vya zamani kimyakimya, vizuri kwa vibaya. Umelipa 25,000 na mgonjwa karudi na ugonjwa wake.

Matangazo ya kona ya chini kulia, kwa uzoefu wangu, mara nyingi si virusi. Ni tovuti fulani, labda ya kupakua muziki au ile ya PDF, iliyowahi kuuliza kama inaweza kukutumia arifa, na mtu mmoja dukani kwako, sitaji jina lakini ni mdogo wako, akabonyeza ruhusu. Tangu hapo inakutumia hata ukiwa umeifunga. Nenda chrome://settings/content/notifications uone orodha ya walioruhusiwa, uondoe wote usiowatambua. Usibonyeze tangazo lenyewe kwa hali yoyote. Linaposema una virusi linataka upakue programu yao, na hapo ndipo utavipata kweli.

Programu za kuongeza kasi ziondoe zote mbili. Sijawahi kuona hata moja iliyoongeza kasi ya kitu isipokuwa mauzo ya walioitengeneza. Antivirus mbili nazo zinakagua faili zile zile na kugombania diski. Ile inayokuja na Windows yenyewe inakutosha, na ukiondoa za nje inaamka yenyewe. Kama kwenye kupiga Windows au Office fundi alitumia kile kiprogramu cha kuvunja leseni, hapo sina uhakika nawe. Vingine huja na wageni wanaotumia prosesa yako kwa shughuli zao. Ukiona kwenye Task Manager CPU iko juu wakati hujafungua chochote, anza kushuku huko.

Tuje kwenye GB 4, maana hata chaja ikipona hili litabaki. Kila kichupo unachofungua kinachukua sehemu yake ya RAM, na kila tovuti inawekwa kwenye chumba chake peke yake. Hilo la vyumba limewekwa makusudi. Januari 2018 ilitangazwa kasoro ya prosesa iliyoitwa Spectre, ambayo ingeweza kuiruhusu tovuti moja kuchungulia siri za nyingine. Mwaka ule ule Chrome ikaanza kuzitenga tovuti kwa karibu kila mtu anayeitumia kwenye kompyuta, na Google wenyewe wakakadiria kwamba gharama yake ni ongezeko la asilimia 10 hadi 13 la RAM. Usalama huo tunaulipia kwa kumbukumbu, na mwenye GB 4 anausikia zaidi.

RAM ni kaunta yako, diski ni stoo ya nyuma. Kaunta ikijaa, Windows inabeba baadhi ya vitu kuvipeleka stoo na kuvirudisha ukivihitaji. Na stoo yako wewe ni ya diski ya kuzunguka, ambayo vipande vilivyotawanyika inaweza kuvichota kama mia moja tu kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, inachota maelfu. Kwa hiyo ukihama kutoka kichupo cha barua pepe kwenda cha fomu, unaona mashine imeganda na taa ya diski inamemeteka. Kwenye Task Manager utaona Memory imepita asilimia 85 na Disk imesimama kwenye 100.

Kwa leo, bila hela: ukiwa ndani ya Chrome au Edge bonyeza Shift na Esc, itatokea orodha ya kila kichupo na kiasi cha RAM kinachokula. Utamshangaa WhatsApp. YouTube ihamishie kwenye simu; bando ni lile lile lakini prosesa itapumua, na kaswida haitakatika katikati. Kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya utendaji, washa kiokoa kumbukumbu, ili vichupo usivyovigusa vilazwe. Edge nayo ina vichupo vya kulala. Na ile tovuti ya kugeuza PDF achana nayo kabisa. Word kuanzia toleo la 2013 inafungua PDF yenyewe na kukupa maandishi ya kuhariri. Mpangilio huenda ukayumba kidogo, lakini vitambulisho vya wateja wako havitasafiri kwenda kwenye seva ya mtu usiyemjua.

Kubadilisha kivinjari? Jaribu ukitaka, ni bure, lakini usitegemee miujiza. Chrome, Edge ya tangu 2020, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya injini moja, Chromium. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kubadilisha rangi zaidi kuliko injini. Firefox ndiyo yenye injini yake yenyewe, na kwenye mashine nyingine inakaa vizuri zaidi. Haitaongeza RAM wala kubadilisha chaja.

Sasa hela. Hiyo laki sita iache kwanza mfukoni. Baada ya chaja, kitu cha kwanza kununua ni SSD, hata kabla ya RAM. Watu wengi wataniambia nianze na RAM. Mimi kwa mashine yenye diski ya kuzunguka siwafuati, kwa sababu SSD inaamsha kila kitu: kuwaka, Word, kivinjari, na hata pale RAM inapojaa, safari ya stoo inakuwa fupi. RAM ya kufikisha GB 8 ifuate ukipata nafasi. Bei zinabadilika kila nikipita Kariakoo, lakini vyote viwili pamoja havikaribii bei ya laptopu nyingine.

Kabla ya kununua RAM angalia kitu kimoja: kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya System, kisha About, isome kama ni ya biti 64 au 32. Fundi akiwa amekupigia ya biti 32, hata ukiweka GB 8 haitaiona zaidi ya 4. Halafu fundi aifungue laptopu mbele yako muone kama ina nafasi ya RAM na ni ya aina gani, DDR3L au DDR4, haziingiliani. Kwa SSD, nunua kwenye duka linalotoa risiti na dhamana ya maandishi. Ziko zinazoandikwa ukubwa ambao hazina, na utagundua siku faili za wateja zinapoanza kupotea. Mwambie fundi ahamishe diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye mpya, lakini nakala za kazi zako ziweke kwanza kwenye diski ya nje. Diski ya zamani usimwachie dukani, ina vyeti vya nusu ya Kimara.

Upo kando ya barabara kuu, kwa hiyo feni nayo isafishwe wakati imefunguliwa. Vumbi likiziba njia ya hewa na joto letu la Februari, prosesa ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo yenyewe kujiokoa. Kama jaribio la GHz litaonyesha mwendo mdogo hata kwa betri, mshtakiwa ni joto na siyo chaja.

Kuhusu Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Haizimiki na vivinjari vikubwa bado vinafanya kazi juu yake, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi mpaka ujiandikishe kwenye mpango wao wa nyongeza, unaokwenda hadi Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inataka Core i ya kizazi cha 8 na kuendelea kwa Intel, kwa hiyo Core i3 yako ya kitambo imeachwa. Hapo ndipo laki sita itakapopata kazi: siku utakayonunua nyingine, isome prosesa kabla hujasikiliza sifa za muuzaji. Namba baada ya i3- au i5- ikianza na 8 na ina tarakimu nne, ni kizazi cha 8. Ikianza na 4, unanunua umri ule ule ulio nao. Linux, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, ingeipa laptopu yako miaka zaidi, lakini kwa duka linaloishi kwa Word na printa sikushauri uianze katikati ya msimu wa maombi.

Fanya hilo jaribio la chaja wiki hii, uniandikie namba mbili tu: GHz ukiwa umechomeka na GHz ukiwa umechomoa, pamoja na picha ya lebo ya chini. SSD nitakuelekeza aina yake baada ya kuziona.